Maji ya Korona na Hori: Shajara ya Tawi la Wafanyakazi wa Mkonge, Tanga

Naiandika shajara hii nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Jina la shamba, la kijiji na ya watu nimeyaacha, maana wapo ambao ugali wao bado unategemea kazi hii. Korona yetu, yaani mashine inayosaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi, inakunywa maji mengi. Yakishatumika yanapita kwenye mabwawa mawili ya kutuliza, yanaingia kijitoni, na kijito kinamwaga kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lenye mikoko. Humo horini wenyeji wa kijiji jirani wanavua kambamiti na kutanda uduvi, na mbele kidogo, maji yanapokuwa ya bahari tupu, kina mama wanalima mwani.

Tawi jingine likitaka kusimama na majirani zake, lisianzie tulipoanzia sisi. Tulianza vibaya.

14 Januari 2023

Bi mkubwa wa kikundi cha mwani alikuja ofisini kwetu na ndoo iliyofunikwa kanga. Tukamwamkia, akaitikia, akaifunua. Ndani mlikuwa na kambamiti wachache waliolegea, kaa wawili na tufe la mwani lililogeuka jeupe. Hakusema neno. Harufu ndiyo iliyosema: ule uchachu wa jani la mkonge lililosagwa likalala usiku mzima. Naijua, kwa sababu narudi nayo nyumbani kila jioni kwenye ovaroli.

Kwa asiyejua kazi yetu: jani la mkonge likipita kwenye korona, singa, yaani nyuzi za mkonge, inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa kila tani 1 ya singa tunayofunga, tani 24 hivi ni nyama ya jani na utomvu. Utomvu huo una tindikali na sukari nyingi. Ukiingia mtoni, vijidudu vinaila ile sukari na kumaliza oksijeni iliyomo majini, samaki wanakosa pumzi. Una pia kile kitu kinachotoa povu kama sabuni, nacho kinaumiza mashavu ya samaki.

Kamati ya tawi ilikaa kesho yake. Tukakubaliana twende kijijini.

4 Februari 2023

Tulikodi spika, tukachapa vipeperushi 200, tukaitisha mkutano Jumamosi saa nne asubuhi. Walikuja wanaume wapatao 30 na wanawake 3. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye muhtasari kwamba kina mama hawakuonyesha mwamko. Muhtasari ule nimeuhifadhi jinsi ulivyo, na bado unanichoma, kwa sababu kesho yake mwezi ulikuwa mpevu. Ilikuwa bamvua. Saa nne asubuhi ya bamvua maji yametoka mpaka mwisho, na kila mwanamke mwenye shamba la mwani yuko huko, ameinama anafunga mbegu kwenye kamba, anawahi kabla maji hayajarudi. Tulikuwa tumewapelekea saa ya korona watu wanaofuata saa ya mwezi.

Kosa la pili lilikuwa kwenye kipeperushi chenyewe. Kichwa chake kilisema "Haki kwa Jamii Asilia". Neno hilo nililitoa mimi. Nilikuwa nimesoma juu ya Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1989, unaohusu haki za watu wa asili. Tanzania haijauridhia, ingawa mwaka 2007 ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa juu ya haki hizohizo. Kilichonivutia ni kwamba mkataba ule ulitoka kwenye chombo cha wafanyakazi, waajiri na serikali, yaani nyumbani kwetu sisi wa vyama. Lakini mtendaji wa kijiji alikishika kipeperushi akauliza, "Hapa asilia ni nani? Mdigo peke yake? Msegeju? Na Mmakonde aliyezaliwa hapahapa miaka 60 iliyopita tumwite nani?" Vijana wawili wakaanza kubishana palepale. Tukavikusanya vipeperushi vyote.

Spika 60,000, uchapaji 40,000, bodaboda 18,000. Jumla shilingi 118,000, na hatukupata hata jina moja la kuandika.

12 Februari 2023

Safari hii tulimwuliza kwanza bi mkubwa siku ifaayo. Akatupa Jumapili ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kutoka sana, baada ya sala ya alasiri, chini ya mwembe, bila spika. Neno letu pia tulilibadilisha, tukasema "wenyeji wa hori". Kila anayeishi kwa hori ni mwenyeji wa hori, awe amezaliwa wapi.

Walikuja watu 70 na zaidi. Kabla hatujafungua mdomo, mzee mmoja mwenye dau lake alisimama. "Wanangu, mimi sina ugomvi na nyinyi. Lakini msije mkasema tuko pamoja kabla hatujasemezana."

Akasemezana nasi kwa saa nzima. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893, alipouleta Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 ndiyo iliyopona safarini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba, na mashamba yalihitaji ardhi. Mzee alisema ardhi ya babu zake ilichorewa ramani wao wakiwa kwenye mitumbwi, wakarudi wakakuta vigingi. Wenyeji wengi hawakutaka kukata mkonge kwenye ardhi iliyokuwa yao, basi wakaletwa watu wa mbali: Waha, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde na wengine. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwaandika, iliyojulikana kama SILABU. Ndio manamba. Babu yangu alikuja na namba kutoka Kigoma, na kipande chake, siku 30 za kazi ndipo alipwe, nilikiona kwa macho yangu nikiwa mdogo.

Mzee aliyataja na matusi. Wao walituita watu wa namba. Sisi tuliwaita wavivu. Nimekua nikilisikia neno hilo nyumbani kwetu na sikuwahi kuuliza mtu anayekataa kufanya kibarua kwenye shamba alilonyang'anywa ni mvivu kwa lipi. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, nikamwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Ndipo bi mkubwa akauliza swali moja tu. "Mlango wa bwawa unafunguliwa saa ngapi?"

Tukatazamana. Swali hilo lilikuwa na jibu, na mwenye jibu alikuwa amekaa nyuma yangu. Alisimama akiwa ameshika kofia mkononi. "Ni mimi, mama. Saa nane za usiku, bwawa likijaa. Naambiwa fungua, nafungua."

Watu wakanyamaza. Nilidhani tumekwisha. Bi mkubwa akasogeza mkeka. "Basi wewe ndiye tuliyekuwa tukikutafuta. Njoo ukae hapa."

Mradi ulizaliwa pale mkekani. Wao walijua mahali samaki wanapokufa na siku gani. Sisi tulijua kinachotoka na saa gani. Hakuna upande uliokuwa na yote mawili. Tulinunua madaftari mawili, shilingi 5,000: moja la mlango, moja la hori.

5 Machi 2023

Mkutano wa tawi nusura utuvunjikie. Hoja ya walioipinga ilikuwa moja na ilikuwa ya kweli: korona ikifungwa tutakula nini? Nilikosea kwa kuwajibu kwa ukali, nikasema mambo ya utu na ujirani. Mtu mwenye ada za shule mbele yake hakuja kuhubiriwa.

Aliyeokoa mkutano ni fundi mitambo wetu. Alichukua chaki akachora korona, mfereji na mabwawa, akaeleza kwamba hakuna anayetaka korona isimame. Tunachotaka ni chujio la kuzuia nyama ya jani isiingie mferejini, bwawa la tatu, na mlango usifunguliwe kabla maji hayajatulia. Kazi ya kuchimba itafanywa na watu, si na majini. Mabaki yenyewe yana thamani: yanarudi shambani kuwa mbolea, na pale Hale, hapahapa mkoani kwetu, kulishajengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme. Kisha akakunja mikono ya shati. Sisi wa korona ngozi zetu zinawasha na kubabuka kwa utomvu uleule. "Maji haya yanaanza kwangu," alisema, "ndipo yanaenda kwao."

Kura: waliohudhuria 94, ndiyo 61.

19 Machi 2023

Darasa la jioni, saa mbili tu. Tulisoma habari za wengine waliopita njia hii. Nchini Australia, Agosti 1966, wachunga ng'ombe wa kabila la Gurindji wapatao 200 pamoja na jamaa zao waliondoka kwenye ranchi ya Wave Hill wakiongozwa na Vincent Lingiari. Vyama vya wafanyakazi, wakiwamo wa bandarini, viliwachangia fedha na kuwaalika mijini wakajieleze. Wengi walidhani ule ni mgomo wa mishahara. Mwaka uliofuata Wagurindji wenyewe wakaandika kwamba wanataka ardhi yao, na vyama vikabaki nao katika dai hilo. Sehemu ya ardhi ilirudi 1975. Brazil nako, chama cha wagema mpira cha Chico Mendes kilishikana na wenyeji wa msitu, watu ambao zamani walikuwa wakiuana nao kwa faida ya wenye biashara ya mpira. Yeye aliuawa tarehe 22 Desemba 1988.

Tulichochukua kwa Wagurindji tulikiandika ukutani: dai ni la wenye hori. Tulikuwa tumeshaanza kuandika barua ya kuwaombea wanakijiji fidia. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja fidia pale mwembeni. Tukaichana.

28 Machi 2023: sampuli zilizokataliwa

Tulijaza chupa sita za maji ya kunywa zilizotumika, mchana, tukaziweka kwenye mfuko wa rambo, tukazipeleka maabara mjini kesho yake kwa daladala. Zikakataliwa mapokezini. Haya ndiyo waliyotueleza, na ninayaandika yote kwa sababu yalitugharimu:

Chupa iwe safi, isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale unayochukua. Ijazwe mpaka juu kabisa ndani ya maji, ifungwe humohumo, hewa isibaki, la sivyo oksijeni inabadilika. Iwekwe kwenye barafu na gizani, ifike maabara siku hiyohiyo. Tindikali na oksijeni vipimwe palepale ukingoni. Kila chupa iwe na lebo: mahali, tarehe, saa, hali ya maji ya bahari, jina la aliyechota na la aliyeshuhudia. Bila sahihi hizo mbili mtu yeyote atasema umechota chooni kwako.

Tena tulichota mchana, wakati mlango umefungwa. Tulikuwa tumepima maji yaliyotulia.

Gharama: nauli 24,000, siku mbili za kazi za watu watatu. Mwezi mtukufu ulikuwa umeanza, tukawaacha wenzetu wafunge kwa utulivu. Daftari la hori halikusimama hata siku moja. Bi mkubwa alikuwa akiandika baada ya daku.

1 Mei 2023

Mei Mosi kina mama 11 wa mwani waliandamana nasi, na bango lao wenyewe. Tuliwatolea nauli 33,000.

20 Mei 2023: madaftari mawili yanakutana

Tuliyafungua madaftari pamoja, mstari kwa mstari. Mlango ulikuwa umefunguliwa mara 9 tangu Februari. Samaki walikufa kwa wingi mara 4, na zote 4 zilikuwa siku za bamvua.

Mzee wa dau alilieleza haraka kuliko mhandisi. Usiku wa bamvua, saa nane, maji ya bahari yanapanda. Uchafu ukiteremka kijitoni unakutana na maji yanayoingia, unarudishwa nyuma, unalala ndani ya hori mpaka alfajiri. Siku za maji mafu saa nane maji yanatoka, nao unatoka nayo.

Tulifurahi kupita kiasi. Mwenye mlango akasema hilo liko ndani ya uwezo wake: akiambiwa afungue usiku, atasubiri maji yaanze kutoka. Tukakubaliana palepale. Tuliona tumepata dawa isiyogharimu hata senti.

11 Juni 2023: dawa ilikuwa ugonjwa

Wiki mbili hori lilitulia. Wavuvi wa kambamiti walitushukuru. Kisha bi mkubwa akaniita ufukweni, akaniwekea mkononi kichane cha mwani aliokuwa akiuanika.

Niliuinua kwenye jua. Katikati ya vijitawi mlikuwa na nyuzi fupi, nyeupe, ngumu, zimejisokota mara nyingi hazitoki. Nilizijua kabla hajasema. Singa. Zile chembechembe zinazopita kwenye mfereji na nyama ya jani. Maji yaliyokuwa yakilala horini sasa yalikuwa yakitoka moja kwa moja mpaka kwenye mashamba ya kina mama. Mnunuzi alikuwa ameukata bei mzigo wao kwa uchafu. Walikaa siku tatu wakichambua uzi mmoja mmoja kwa kucha.

Tulikuwa tumeuhamisha uchafu kutoka kwa wanaume kwenda kwa wanawake, na hatukumuuliza hata mmoja wao. Pale tarehe 20 Mei walikuwapo kina mama wawili tu, nasi tukapitisha. Nililia mbele ya yule mama. Yeye akaniambia, "Mwanangu, futa machozi uandike."

Marekebisho: tangu siku hiyo hakuna uamuzi wa maji bila saini tatu, ya tawi, ya wavuvi na ya kikundi cha mwani. Na tukaacha kutafuta saa nzuri ya kumwaga maji machafu. Dai likawa chujio na bwawa la tatu.

Hasara ya kina mama walikadiria shilingi 190,000. Tawi lililipa nusu kutoka mfuko wetu. Nusu nyingine tunadaiwa.

17 Juni 2023, usiku

Sampuli za pili. Mwezi mwandamo, giza tupu. Tulikaa darajani kuanzia saa sita, sisi wanne na wao wanne, na deli lenye barafu. Saa nane na dakika kumi simu yangu ikabipu mara mbili: mlango umefunguliwa. Baada ya nusu saa harufu ikafika kabla ya maji.

Kipimo cha mkononi cha pH, yaani ukali wa tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi), tulikinunua 95,000. Cha oksijeni tuliazima kwa mwalimu wa sayansi. Chini ya mlango pH ilisoma 4.9, darajani 5.8, mdomoni mwa hori 7.7. Kanuni za maji taka zinataka iwe kati ya 6.5 na 8.5. Oksijeni darajani ilishuka tukiitazama, mpaka karibu na sifuri. Kijana mmoja wa kijiji aliyeshika tochi alisema kwa sauti ndogo, "Wanapanda juu." Kambamiti walikuwa wakiruka kutoka majini, wanagonga matope ya ukingo, wanarudi, wanaruka tena.

Sampuli zilifika maabara saa mbili asubuhi. Zikapokelewa. Majibu baada ya siku kumi: BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu unamaliza majini, chini ya mlango ilizidi mara kumi kikomo, ambacho ni miligramu 30 kwa lita. Maabara 240,000, gari la kukodi 70,000, barafu 6,000.

Julai 2023

Mambo ya karatasi, kwa kifupi. Tuliomba kwa maandishi ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya shamba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Siku 30 zikapita kimya. Siku ya 41 tuliandika tena, tukataja sheria, tukaambatisha nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri wa mapokezi. Tukapewa muhtasari wa kurasa nne. Msiache kugongesha muhuri nakala yenu.

Kijiji kilipitisha azimio lake kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa maneno yao, wakinukuu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sisi tuliambatisha vipimo tu.

Kikao na uongozi wa shamba kilikuwa tarehe 22. Tuliharibu saa mbili za kwanza. Kwenye madai tulikuwa tumeingiza ule mwani mweupe wa Januari. Mtaalamu waliyemleta akaeleza, na alikuwa na haki, kwamba mwani wa kotonii unageuka mweupe pia kwa joto la maji, na Januari ni joto. Baada ya hapo kila tulichosema kilitiliwa shaka. Tuliufuta mstari ule mbele yao, tukabaki na viwili vinavyoonekana kwa macho: oksijeni ya usiku wa tarehe 17 Juni na singa ndani ya mwani. Bi mkubwa aliitoa ile singa kutoka kwenye pindo la kanga akaitandaza mezani. Hakuna aliyesema ni joto.

9 Agosti 2023

Mwenye mlango amehamishiwa kukata mkonge. Ana miaka 52 na mgongo mbovu. Sasa anafunga mafungu ya majani 30 juani. Sababu iliyoandikwa ni "mahitaji ya kazi".

Hapa ndipo tulipopimwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kushiriki shughuli halali za chama, basi shauri tukalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wanachama walikubali kuchanga 1,000 kila mmoja kwa mwezi kufidia alichopungukiwa. Wiki ya kwanza zilipatikana 57,000. Jumamosi yake kijiji kikatuma watu wawili na kapu la samaki wa kukaanga na bahasha yenye 85,000. Watu wa hori walimchangia mtu aliyekuwa akiwafungulia maji machafu. Mke wake aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akashindwa kusema.

Wapo waliotaka tusimamishe kazi. Sheria hiyohiyo inaruhusu mgomo wa kupinga jambo linalogusa maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi, lakini lazima uitishwe na chama kilichosajiliwa au shirikisho, taarifa itolewe kwa Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii na siku 30 zipite. Tulilipeleka ngazi ya juu. Halikupita. Sikubaliani na uamuzi ule hadi leo, lakini tawi peke yake lingewaingiza watu hatarini.

30 Septemba 2023

Mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri ulikuwa unafika mwisho, na hii ndiyo nafasi tuliyopaswa kuiona mapema. Tuliingiza kifungu kinachohusu maji ya korona kwenye sehemu ya afya na usalama kazini, si kama jambo la majirani pembeni. Tulichopata: chujio la wavu mwanzoni mwa mfereji, bwawa la tatu, mlango kutofunguliwa bila mwakilishi wa tawi kusaini daftari, mavazi ya mikono kwa wa korona. Tulichokosa: mwakilishi wa kijiji ndani ya kamati ya afya na usalama. Walikataa katakata. Kwa sasa mwakilishi wa tawi anabeba nakala ya daftari mpaka mwembeni kila Jumapili ya maji mafu.

Ili kukipata kifungu hiki tulipunguza dai letu la posho ya usafiri. Kura ilipigwa, ndiyo 58, hapana 49. Wale 49 sijawasahau, na kila mwezi nawaonyesha daftari.

14 Oktoba 2023

Usuluhishi umemalizika. Mwenye mlango amerudi koronani, ila mlangoni hawakumrudisha. Amesema afadhali.

19 Novemba 2023

Chujio limefungwa tangu mwezi uliopita. Wavu wa kwanza ulikuwa na matundu makubwa, singa fupi zikapita. Fundi wetu akaweka wa pili nyuma yake, shilingi 38,000 za tawi. Unaziba kila baada ya saa mbili na lazima usafishwe kwa reki, kwa hiyo tumedai mtu mmoja wa zamu kwa kazi hiyo pekee. Kina mama wanasema nyuzi zimepungua sana, hazijaisha.

Bwawa la tatu limechimbwa nusu. Mvua za vuli mwaka huu zimekuwa za El Niño, ukingo mmoja ukaporomoka usiku wa tarehe 12 na maji ya bwawa la pili yakapita juu kwenda kijitoni bila mlango kuguswa. Hilo hatukulifikiria: kila tulichoandika kilikuwa juu ya mlango. Sasa tunapima pia kina cha bwawa kila jioni kwa mti wenye alama nyekundu, na maji yakifika alama ya tatu korona inapunguza zamu. Uongozi umekubali kwa mdomo. Maandishi bado.

Jumla tuliyotumia mpaka leo, bila michango ya mwenye mlango: shilingi 724,000, ikiwamo ile nusu ya kwanza ya hasara ya mwani. Iliyobaki, 95,000, tutawapa kina mama kwenye mkutano wa Desemba.

Bamvua ya mwezi mpevu inaingia tarehe 27. Kipimo cha pH kiko kwa yule kijana wa tochi, ameshajifunza kukisahihisha kwa maji ya kopo la duka la dawa za maabara. Tutakuwa darajani saa sita usiku.